Njia Iliyopita Katika Nyumba ya Mama

Jino la kwanza nililong'olewa na mtu lilikuwa jino zima. Nianzie hapo, maana nikianzia kwingine nitapotea, na siku hizi napotea upesi. Nilikuwa mtoto wa miaka saba au nane, hakuna aliyehesabu vizuri, Wazungu walikuwa bado hawajaondoka. Shavu la kuume lilivimba likawa kama tunda la avoka. Baba akanishika mkono tukashuka sokoni Bunia, kwa bwana mmoja aliyekuwa anatokea upande wa Komanda kila siku ya soko na mfuko wa ngozi na koleo moja. Hakuwa na kiti, hakuwa na dawa. Alikuwa na mdomo.

Alipanda juu ya sanduku la sabuni. Akaongea habari za meno ya tembo, ya mamba, ya mke wa kwanza wa shemeji yake, watu wakacheka mpaka wakina mama wa mihogo wakaacha biashara yao. Halafu akaniita katikati.

"Weye ni chui," akasema. "Chui analia?"

"Hapana."

"Sema kwa nguvu!"

"Hapana!"

Watu wakapiga makofi, na ndani ya yale makofi akavuta.

Alipoliinua juu lilikuwa jeupe, na mizizi yake yote. Ulimi wangu ukaenda kuangalia. Lile bovu lilikuwa limekaa pale pale pembeni, linauma kama asubuhi. Baba aliinama akatazama ndani ya kinywa changu. Aliona. Najua aliona. Lakini watu wote walikuwa wanapiga makofi, basi na yeye akapiga, akasema aksanti, akanibeba mabegani mpaka nyumbani. Njiani alisema neno moja tu: "Ule mutu anajua kusema."

Lile bovu lilitoka lenyewe baadaye. Lile zima halikurudi. Mpaka leo ulimi wangu unapita hapo nikiwa nawaza jambo, hata sasa ninapoandika.

Baba mwenyewe hakujua kusema. Alikuwa msaidizi wa mwashi, mtu wa kubeba matofali na kunyamaza. Mimi nilisoma miaka mitatu tu kwa mapadri, halafu nikaacha kwa sababu ya mguu, lakini hiyo ni habari nyingine. Baba hakusoma hata siku moja. Aliacha kitu kimoja duniani, nyumba. Aliijenga kwa mikono yake pembeni mwa mji, pale ambapo parsele, viwanja vya watu, zinateremka kuelekea potopoto, lile bonde la matope, na nyasi ndefu zinaanza. Miti ya mkaratusi, fito, udongo mwekundu, nyasi juu. Mbele akaweka dirisha moja lenye fremu ya mbao ya rangi ya bluu, aliyopewa na mwenye duka mmoja kama zawadi ya kazi. Mama alikuwa ametoka Aveba akiwa msichana, na alikuwa anasema kwamba kule kwao hakuna mwanamke aliyekuwa na dirisha la bluu. Kila Desemba aliisiliba nyumba upya, kwa mavi ya ng'ombe na majivu, mpaka ukuta unakuwa laini kama tumbo la mtoto.

Baba akafa. Nyumba ikabaki na mama, na yaya yangu, yaani kaka yangu mkubwa, mzaliwa wa kwanza. Mimi nilikuwa nimeoa, napanga nyumba kartye nyingine, mtaa mwingine, nabeba mizigo kwenye malori ya Komanda.

Basi ilikuwa ile miaka ya sabini, wakati tulipoambiwa tuache majina ya ubatizo na wanaume waache kravati za shingoni, na kila mtu akawa citoyen, yaani raia, hata mwizi. Hapo ndipo akatufikia shefu mmoja wa serikali. Cheo chake sitakitaja, na jina lake sitaki likae kwenye karatasi yangu. Nitamwita Mwenyewe, maana ndivyo watu wake walivyomwita alipokwisha kuondoka. "Mwenyewe anakuja." "Mwenyewe angekuwa hapa." Kama vile siye wengine wote tulikuwa wapangaji.

Mashefu wa kwanza tulikuwa tunawaona kwa mbali, chini ya mwavuli. Siku ya salongo, ile kazi ya Jumamosi ambapo kila mtu alitoka na jembe lake kufyeka na kuziba mashimo bila malipo, wao walikuwa wanasimama barabarani wakihesabu nani hayuko. Huyu alikuja akavua viatu. Viatu vizuri, vyeusi, akavitundika shingoni kwa kamba zake, akaingia kwenye mfereji na jembe.

"Français yangu nimeiacha ku bureau," akapaza sauti. "Miye hapa ni mutoto ya kulima sawa nyiye!"

Ee, watu walivyopiga kelele! Siwezi kusema mimi nilikuwa pembeni. Nilipiga kelele mpaka sauti ikakatika siku mbili. Siku ile mvua ilinyesha na yeye akabaki ndani ya mvua. Mwanamke mmoja akashikwa na uchungu wa kuzaa, akampeleka na gari lake mwenyewe, akarudi kwa miguu. Hayo ni kweli, niliyaona, sitaki kumnyima. Na mimi nasema ndiyo sababu ilikuwa vibaya hivyo. Angekuwa mwongo wa kila siku tungemjua.

Lakini niliona na jambo la chumvi. Chumvi ilipanda bei. Mwenyewe akashuka sokoni, akamtoa mwenye duka mmoja nje, mzee mnene mwenye koti, akampa ufagio, akamwambia afagie soko lote mbele ya watu. Tukamfuata nyuma tukicheka, tunamwonyesha maganda: "Muzee, na hapa! Muzee, umesahau hapa!" Niliyecheka zaidi ni mimi. Yule mzee ndiye aliyempa baba fremu ya bluu. Ndiye aliyetuletea chumvi na sabuni siku za matanga ya baba, bila kuulizwa. Aliponiona aligeuza macho kwanza yeye, kama vile aibu ilikuwa yake. Mwezi ule akafunga duka, na chumvi haikupanda tena bei kwa sababu haikuwako kabisa. Watu wakasema maadui wa Mwenyewe wameificha.

Yaya alikuwa mtu wa kimya kama baba. Hakuna aliyewahi kumwita mbele za watu. Jumamosi moja Mwenyewe akamwona analima, akasema, "Huyu njo mwanaume. Mutazame mugongo yake." Akatoa firimbi mfukoni, akamvika shingoni, akamfanya kapita, yaani msimamizi, wa salongo wa kartye yetu nzima. Nilimwona yaya usoni. Sijawahi kumwona hivyo, hata siku ya arusi yake. Mkewe alimkimbia baadaye, na nadhani alikimbia ile firimbi.

Halafu ikaja njia. Mwenyewe alikusanya watu kwenye uwanja akasema atatutoa gizani. Njia pana ya malori itaanzia mjini, itapita kartye yetu, itavuka potopoto, itakwenda mpaka mashambani, na maharagwe yetu hayatabebwa tena kichwani. Wakaja watu na kamba na vijiti. Mimi mwenyewe nilipewa nyundo, nilipigilia vijiti, kimoja kila hatua kumi. Mstari ule ukapita katikati ya nyumba tisa. Ya tano ilikuwa ya mama.

Mwenyewe alikuja kula kwa mama. Alikaa kwenye mkeka, akala bugali na sombe ya majani ya mihogo kwa mkono, akalamba vidole.

"Mama yangu," akasema, "hii nyumba ni ya nyasi. Miye nitakujengea ya manjanja, mabati juu, vyumba tatu. Lakini nataka watu wabomoe na mikono yao wenyewe, kwa furaha, ili kusiwe mutu wa kusema shefu alitubomolea. Atakayebomoa wa kwanza, atajengewa wa kwanza."

Mama akamwangalia yaya. Yaya alikuwa ameshasimama.

Tulibomoa Jumamosi, kwa ngoma. Mimi ndiye niliyepanda juu nikatupa nyasi. Yaya alisukuma ukuta wa mbele kwa bega. Ule ukuta ulikuwa mgumu, baba hakuwa mtu wa kujenga ovyo, ukakataa mara mbili, na kila ulipokataa watu walizidi kuimba. Ulipoanguka, vumbi jekundu likatufunika, na Mwenyewe akamshika mama mkono akauinua juu. Watu wakapiga makofi. Mama naye akapiga, na mkono mmoja uliobaki huru, kwenye paja. Nilikumbuka sanduku la sabuni siku ile? Hapana. Nimelikumbuka nikiwa mzee, wakati hakuna kazi nalo.

Mama akahamia kwenye jiko la nyuma, kibanda cha kupikia chenye mlango unaotazama choo. "Ni juma mbili tu," yaya alisema. Ile fremu ya bluu mama akaiegemeza ukutani kwa ndani, ikingoja nyumba mpya.

Kabla ya mwisho wa kiangazi Mwenyewe akaondolewa. Hakuna aliyetuambia sababu. Asubuhi moja gari jingine lilikuwa mbele ya ofisi, na shefu mwingine ndani yake, mwenye miwani. Watu wanasema kwamba alipokuwa anapanda gari la kuondoka alimwambia kapita mmoja, "Mulinde kazi." Kapita huyo alikuwa yaya. Maneno mawili. Tuliishi na maneno mawili hayo miaka zaidi ya kumi.

Wale wenye nyumba nane nyingine walilia juma moja, halafu wakakata miti wakajenga tena, wengine juu ya mstari kabisa. Walikuwa wamempenda kama siye. Lakini mtu ana watoto, mvua inakuja. Yaya peke yake alisema hapana. Kila Jumamosi saa kumi na mbili asubuhi alipiga firimbi, akatoka na jembe, akafyeka mstari ule kwa hatua nne upana, kutoka barabarani mpaka potopoto. Alipofika kwenye nyumba ya mtu, alizunguka akaendelea upande wa pili. Mwanzo walikuwa watu kumi na moja. Halafu sita. Mwisho wakabaki wanne: yaya, fundi wa cherehani, mwalimu wa dini aliyezeeka, na mama mmoja mjane aliyekuwa anauza petroli ya taa.

Baada ya kufyeka walikaa chini pale ilipokuwa sebule ya mama, wakanywa pombe kidogo na kusema habari zake.

"Bamemufunga Kinshasa."

"Hapana, bamemutuma kusoma. Mutu sawa ule hawawezi kumufunga."

"Bamemupa sumu, akakataa kufa."

"Wakati yake mvua ilikuwa inakuja vizuri."

Wakati wake mvua haikuja, ila ile siku ya mfereji! Maharagwe yalikauka mwaka mzima, mama alipika majani. Niliwaambia hivyo siku moja. Yule mjane alinitazama kwa huruma, akasema, "Weye mudogo, ulikuwa unalala na njaa, lakini ulikuwa unalala na furaha." Kinachoniuma ni kwamba kwa sehemu alisema kweli.

Kila shefu aliyefuata walimpima. Huyu anakula kwa uma. Huyu hana mgongo. Huyu anasema Français hata kwa mbwa. Firimbi yenyewe, ile punje ya ndani ilioza, ikabaki inatoa upepo tu. Yaya aliendelea kuipiga. Ulikuwa unamwona amevimbisha mashavu, na hakuna sauti, na wale watatu wanatoka majumbani kwao na majembe.

Na mama? Mama alikuwa jikoni. Kibanda kilikuwa cha moshi, kifua chake kikaanza kupiga kelele kama paka. Nilimwambia aje kwangu. Alikataa. "Nikiondoka hapa," alisema, "hii parsele itakuwa njia kweli." Na niseme yote, kwa kuwa nimeanza: sikumlazimisha. Nyumba yangu ilikuwa chumba na nusu, na mke wangu na mama walikuwa wanasalimiana kama watu wa ofisi mbili. Kila mara nilifurahi kidogo alipokataa.

Alikuwa anataka jambo moja tu. Kila nilipokuja na samaki wa makayabu, wale wa chumvi, au sabuni, aliipokea, aliiweka chini, halafu anasema: "Aksanti. Mimi nataka kufa mu nyumba ya mbele." Hakusema kwa kulia. Alisema kama mtu anayekukumbusha ununue kiberiti. Kwetu mtu mzima halali maiti jikoni. Anatolewa kwa mlango wa mbele, watu wote wakiona, ndipo watoto wake wanaitwa watoto.

Basi mwaka mmoja nilikusanya nguvu. Nilikata miti ya mkaratusi kumi na sita, nikaichimbia pale pale ilipokuwa nyumba ya baba, maana nyuma yake ni mteremko na maji, hakuna mahali pengine. Mama alitoka akakaa kwenye kinu akitazama, akaleta hata ile fremu ya bluu nje ipigwe jua. Jumamosi ikafika. Wale wanne wakaja na majembe. Yaya akasimama mbele yangu.

"Weye unajenga nini pale?"

"Nyumba ya mama, yaya."

"Pale iko njia."

"Njia gani? Yaya, angalia. Njia iko wapi?"

"Akirudi, atatukuta aje? Atakuta nyumba imekaa mu njia, atasema nini?"

"Atasema mama yenu iko na nyumba!"

Fundi wa cherehani akasema taratibu, "Muachie, hajui," na wakaanza kung'oa. Hawakunitukana. Walitoa mti mmoja mmoja, wakaupangusa udongo, wakaipanga yote pembeni vizuri kwa adabu, mikubwa chini, midogo juu. Yaya akaja akanishika bega: "Sina hasira na weye." Nilikuwa na jembe mkononi. Nilikuwa mkubwa kuliko yeye kwa mwili wakati ule. Sikufanya kitu. Yeye ni yaya yangu, na mimi ndiye niliyepigilia vile vijiti.

Mama akanyanyuka kwenye kinu. "Basi munipatie hata hiyo miti," akasema, "nipikie."

Akaichoma yote, mti mmoja mmoja, mpaka Pasaka.

Sasa nifike Komanda. Ilikuwa tayari miaka ya themanini. Lori letu liliharibika pale kwenye njia panda, nikaingia kwenye kibanda cha chakula. Kwenye benchi alikuwa amekaa mtu mwenye tumbo, kofia ya majani, viatu miguuni. Alikuwa anamgombeza mama wa chakula kwa sababu nyama ina mifupa. Sauti ile niliijua kabla ya uso. Watu wa pale hawakumjua. Walimwita "patron wa mbao", yaani tajiri, kwa maana alikuwa anatoa mbao Mambasa.

Nilimsalimia. Akaniuliza, "Weye wa wapi?"

"Wa Bunia."

"Ah, Bunia!" Uso ukafunguka. "Bunia walinipenda sana."

"Wanakupenda mpaka leo, shefu."

Akaacha kula. Akataka kujua nani, wapi, wanasema nini. Nikamweleza ule mstari, firimbi, Jumamosi, wale watu wanne. Alicheka mpaka akakohoa, nikampigapiga mgongoni mimi mwenyewe. Halafu akatulia, akajifuta mdomo, na nikaona amependezwa. Kama mtu aliyeambiwa koti lake la zamani bado linavaliwa.

"Kweli kila Jumamosi?"

"Kila Jumamosi. Na mama yangu analala jikoni. Shefu, ile njia ilikuwa inakwenda wapi?"

"Njia gani? Ile ya potopoto?" Akatikisa kichwa. "Ile haingeweza. Ingénieur wa barabara aliniambia juma ya kwanza, pale matope haina chini. Unaweka mawe, yanazama. Unaweka tena, yanazama."

"Juma ya kwanza? Kabla ya kubomoa?"

"Kabla."

"Na juu ya nini haukutuambia?"

Alinitazama kwa mshangao wa kweli, siyo wa kuigiza. "Mulikuwa munafurahi," akasema. "Batu banafurahi, utabaambia nini?"

Lori la mbao likapiga honi. Akasimama, akanishika mkono kwa mikono yake miwili, kama zamani. "Ubasalimie wote. Ubaambie nakuja."

"Unakuja lini?"

"Aah, muzee. Ni neno tu. Linabasaidia."

Akaingia kwenye kabini, mbele, karibu na dirisha. Mimi nilibaki na mfupa wake kwenye sahani.

Njia nzima ya kurudi, juu ya mizigo, nilikuwa napanga maneno. Nilijua nimebeba jambo la kumaliza kungoja kote. Nitasema juma ya kwanza. Nitasema matope haina chini. Jumamosi nilisimama mbele yao, nikaanza, na kwa kuwa mimi ni mtu wa kuzunguka, kama mnavyoona, nilianzia mwanzo: kibanda, benchi, nyama.

"Umemuona na macho?" yule mjane akapiga kelele.

"Nimemuona."

"Iko na nguvu? Amekonda?"

"Amenenepa. Lakini musikilize..."

"Amenenepa!" Wakashikana mikono.

"Alisema nini?" yaya akauliza, taratibu sana.

"Alisema ile njia haingeweza. Alijua tangu juma ya kwanza. Alisema hivyo kwa kinywa chake. Halafu akasema nibasalimie na nibaambie anakuja, lakini akasema tena ni neno tu..."

"Alisema anakuja."

"Yaya, sikiliza mwisho yake."

"Alisema anakuja au hakusema?"

"Alisema, lakini..."

Basi. Nilishindwa hapo. Mwalimu wa dini akaeleza kwamba mtu mkubwa hawezi kusema siri yake kibandani, mbele ya watu wa Komanda, lazima aseme njia imekufa ili maadui wasisikie. Fundi akasema kofia ya majani ni alama. Jumamosi iliyofuata hawakuwa wanne. Walikuwa tisa. Walifyeka hatua sita upana badala ya nne, wakaweka vijiti vipya. Mimi ndiye niliyewaletea. Nilitoka Komanda na maji ya kuzimia moto, nikayamwaga, kumbe petroli.

Mama alinisikiliza jioni yake mpaka mwisho. Yeye peke yake ndiye aliyesikia yote. Akauliza, "Juma ya kwanza?"

"Ya kwanza, mama."

Akatikisa kichwa. "Na alikula sombe yangu." Akavuta blanketi.

Tangu siku ile hakusema tena juu ya nyumba ya mbele, si kwangu, si kwa yaya. Yaya alikuwa anamwita asubuhi, "Mama, umeamukaje?" na yeye anajibu, "Nimeamuka." Mvua mbili, misimu miwili, zikapita hivyo. Ya tatu, kifua kikamshinda. Nilifika mchana nikakuta ameshafumba macho, ndani ya moshi, fremu ya bluu nyuma ya kichwa chake na nguo zake zimetundikwa kwenye hiyo fremu.

Jirani mmoja alitupa sebule yake tumlaze. Ndivyo ilivyokuwa: mama yetu alitolewa kwa mlango wa mbele wa mtu mwingine. Watu walikuja, walikaa, hawakusema kitu, na kule kutokusema tulikusikia wote wawili. Yaya hakula. Hakulia. Alikuwa amevaa shati lake la salongo, lililofuliwa, na firimbi.

Ikafika kuchimba kaburi. Baba alizikwa kule chini, lakini miaka ile maji yalikuwa yamepanda mpaka kwenye kaburi lake, huwezi kumweka mtu pale. Nikasema, na sauti yangu ilikuwa mbaya, "Tunachimba hapa." Nikaonyesha katikati ya mstari, ilipokuwa sebule.

Wale wa Jumamosi wakaruka. "Pale? Pale iko njia!"

"Mukubwa aseme," mwalimu wa dini akasema. "Kapita, sema weye. Pale iko njia."

Watu wote wakamgeukia yaya. Ndicho kitu alichokuwa amekililia maisha yake yote, watu kumgeukia. Halafu akasimama, akachukua jembe mkononi mwangu, akaenda mpaka kwenye kijiti cha nyumba ya tano, kile cha zamani, akakitingisha kikatoka. Akaanza kuchimba pale pale.

Hakuna aliyemsaidia. Hakuna aliyethubutu. Yule mjane alianza kulia, na siyo kwa ajili ya mama. Yaya alichimba kama siku ile ya kwanza Mwenyewe alipousifu mgongo wake, bila kupumzika, mpaka shimo likamfika magotini, halafu kiunoni. Udongo ulitoka na vipande vya ukuta wa baba, bado vina ulaini wa kusilibwa.

Akatoka shimoni. Akanipa jembe, na mpini ulikuwa umelowa jasho.

"Malizia," akasema.

Nilidhani anakwenda kunywa maji. Alipita katikati ya watu, akafuata ule mstari kuelekea potopoto, anatembea taratibu katikati kabisa ya ile nafasi aliyoifyeka miaka yote ile, hatua tatu huku, hatua tatu huku. Mimi niliingia shimoni nikachimba. Nilipoinua kichwa alikuwa ameshafika kwenye nyasi ndefu, nikaona shati, halafu sikuona shati. Tulimngoja na jeneza mpaka jua likaanza kushuka, halafu tukazika bila yeye, na mpaka leo hajarudi.